Namna ya Kujenga, Kupima na Kutumia Chati za Masafa ya Bei: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Chati ya kawaida ya bei hukatwa kwa saa. Ukichagua dakika 5, mshumaa mpya, yaani alama inayoonyesha bei ya ufunguzi, ya juu, ya chini na ya kufunga ya kipindi kimoja, hufunguliwa kila baada ya dakika 5, hata kama katika muda huo hakuna aliyenunua wala kuuza kitu cha maana. Chati ya masafa haitazami saa hata kidogo: mshumaa wake hufungwa pale tu bei inapokuwa imetembea umbali uliopangwa tangu mwanzo, uwe umekamilika kwa sekunde 3 au kwa saa 3. Mfano utakaotumika zaidi hapa ni mkataba wa baadaye (makubaliano ya kununua au kuuza tarehe ya mbele kwa bei inayopangwa sasa) wa E-mini S&P 500 unaofuata fahirisi ya hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani na kuuzwa katika soko la Chicago Mercantile Exchange, kwa sababu bei zake hutoka sehemu moja na hesabu zake ni nyepesi. Hatua ndogo kabisa ya bei ya mkataba huo, yaani tiki, ni pointi 0.25, na pointi moja kamili ina thamani ya dola 50 za Marekani, hivyo tiki moja ni dola 12.50. Mkataba mdogo wa Micro E-mini, ulioanza kuuzwa Mei 2019, una tiki ileile ya pointi 0.25, ila pointi yake ni dola 5, hivyo tiki yake ni dola 1.25.

Hatua ya 1: Shika kanuni tatu za ujenzi

Aina hii ya chati inahusishwa na Vicente Nicolellis, mfanyabiashara na dalali wa Brazili aliyeongoza dawati la biashara jijini São Paulo, ambaye katikati ya miaka ya 1990 alitafuta namna ya kusoma soko lenye misukosuko mikali kwa kufuata mwendo wa bei wenyewe. Kanuni zake ni tatu. Ya kwanza ni kwamba umbali kati ya bei ya juu kabisa na bei ya chini kabisa ya kila mshumaa lazima ulingane na masafa uliyoyachagua. Ya pili ni kwamba kila mshumaa hufunguliwa nje ya eneo la mshumaa uliotangulia. Ya tatu ni kwamba mshumaa hufungwa ama kwenye bei yake ya juu kabisa ama kwenye bei yake ya chini kabisa, wala haufungwi katikati.

Kanuni ya kwanza ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Wengi hudhani kwamba masafa hupimwa kutoka bei ya ufunguzi, na kwa hiyo hushangaa wanapoona mshumaa umefungwa mapema kuliko walivyotarajia. Masafa hupimwa kutoka ncha hadi ncha. Tuchukue chati ya tiki 8, yaani pointi 2.00, na mshumaa uliofunguliwa kwenye 5,000.00. Bei inashuka kwanza hadi 4,999.25, kisha inageuka na kupanda. Ncha ya chini imeshawekwa kwenye 4,999.25, kwa hiyo mshumaa utatimia bei ikifika 5,001.25, ambayo ni pointi 2.00 juu ya ncha hiyo na pointi 1.25 tu juu ya ufunguzi. Mshumaa huo utakuwa na kiwiliwili (sehemu nene kati ya ufunguzi na kufunga) cha pointi 1.25 na utambi wa chini (mstari mwembamba unaofika kwenye ncha) wa pointi 0.75, na hautakuwa na utambi wa juu kwa sababu umefungwa kwenye ncha yake ya juu.

Tuendelee na bei hiyohiyo. Tiki inayofuata ni 5,001.50, nayo inafungua mshumaa wa pili nje ya eneo la wa kwanza. Bei inapanda moja kwa moja hadi 5,003.50 bila kurudi nyuma chini ya ufunguzi, hivyo mshumaa wa pili ni kiwiliwili kitupu kisicho na utambi. Mshumaa wa tatu unafunguliwa kwenye 5,003.75, unapanda hadi 5,004.50, halafu wauzaji wanaingia. Ili ufungwe kwa kushuka, bei lazima ifike 5,002.50, yaani pointi 2.00 chini ya ncha ya juu. Ikifika hapo, tunapata mshumaa wa kushuka wenye utambi wa juu wa pointi 0.75, na wa nne utafunguliwa kwenye 5,002.25.

Ni vyema kuchora mishumaa kumi ya namna hii kwa mkono, kwenye karatasi yenye miraba, ukitumia orodha yoyote ya bei, kabla ya kufungua programu. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, na hakuna maelezo ya maandishi yanayoweza kuchukua nafasi yake.

Wapo wanaochanganya chati hizi na renko za Kijapani, chati zinazochora mwendo wa bei kwa matofali ya ukubwa mmoja. Katika renko ya kawaida, tofali la kugeuka huhitaji bei irudi umbali wa matofali mawili kutoka mwisho wa tofali la sasa, na tofali lenyewe halionyeshi utambi. Katika chati ya masafa, mgeuko huhitaji umbali wa masafa mamoja tu kutoka ncha iliyofikiwa, kwa hiyo huonekana mapema zaidi, pamoja na migeuko mingi ya uongo inayokuja nayo.

Hatua ya 2: Fahamu programu yako inafunga mshumaa namna gani

Programu za chati hazikubaliani katika mambo mawili, na tofauti hizo huathiri fedha zako moja kwa moja.

Jambo la kwanza ni wakati wa kufunga. Baadhi ya programu hufunga mshumaa papo hapo masafa yanapotimia. Nyingine huuacha wazi mpaka itokee tiki iliyo nje ya eneo lake, na maana yake ni kwamba mshumaa unaweza kufika 5,001.25, ukaonekana umetimia, kisha bei ikarudi chini yote na mshumaa uleule ukafungwa kwa kushuka. Mtu anayedhani kwamba programu yake ni ya aina ya kwanza, ilhali ni ya aina ya pili, atanunua kwenye mshumaa ambao haujafungwa.

Jambo la pili ni mapengo. Bei inaporuka kutoka 5,001.25 hadi 5,008.00 bila muamala wowote katikati, programu nyingine hujaza pengo hilo kwa mishumaa ya kubuni ili kila mshumaa uungane na mwenzake, na nyingine huanzisha mshumaa mpya pale bei ilipotua. Mishumaa ya kubuni inapendeza macho na inadanganya. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kutetea kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro moja, na ndani ya dakika chache yuro ilikuwa imeporomoka hadi chini ya faranga 1.00. Chati ya masafa inayojaza mapengo ingeuchora mporomoko huo kama ngazi nadhifu, mshumaa baada ya mshumaa, kana kwamba kila kidato kilikuwa na mnunuzi anayesubiri. Hawakuwapo, na oda nyingi za kukata hasara zilitekelezwa mbali sana na bei zilikokuwa zimewekwa. Kwa hiyo, programu yako ikikupa nafasi ya kuzima mishumaa ya kubuni, izime.

MetaTrader 4 na MetaTrader 5, ambazo zinatumiwa na watu wengi wanaouza na kununua sarafu, hazina chati za masafa ndani yake. Chati zake zote za kawaida ni za muda. Utahitaji programu ya nyongeza inayozijenga, na hapo ni wajibu wako kusoma maelezo ya mtengenezaji kuhusu mambo haya mawili kabla ya kuiamini.

Hatua ya 3: Hakikisha una data ya tiki kwa tiki

Mshumaa wa masafa hauwezi kujengwa kwa usahihi bila kujua mfuatano wa kila muamala. Ukiijenga chati kutokana na data ya dakika moja, utajua bei ya ufunguzi, ya juu, ya chini na ya kufunga ya kila dakika, lakini hutajua kama ya juu ilitangulia au ya chini. Pale dakika moja inapobeba mwendo mkubwa kuliko masafa yako, programu hulazimika kukisia. Ndiyo maana chati iliyojijenga mbele ya macho yako siku nzima inaweza kuonekana tofauti ukiifunga na kuifungua upya: ya mwanzo ilitumia tiki halisi, na ya pili imetumia makadirio.

Sababu nyingine ya tofauti ni mahali pa kuanzia. Kwa kuwa kila mshumaa hutegemea uliotangulia, chati iliyoanza kuhesabu Jumatatu na nyingine iliyoanza Jumatano, za bidhaa ileile na masafa yaleyale, zinaweza kukata bei katika sehemu zisizolingana. Ikiwa programu inaruhusu hesabu ianze upya kila mwanzo wa kikao, washa mpangilio huo, kwani utakupa chati inayoweza kurudiwa.

Katika soko la sarafu kuna ugumu zaidi. Soko hilo halina makao makuu, na kila dalali hutangaza bei zake. Chati mbili za yuro dhidi ya dola kutoka kwa madalali wawili hazitafanana mshumaa kwa mshumaa, hivyo jenga chati yako kwa data ya dalali yuleyule ambaye oda zako hupitia kwake.

Hatua ya 4: Chagua ukubwa wa masafa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hupapasa. Watu hubadilisha namba mpaka chati ipendeze, kisha huanza kufanya biashara. Chati ya siku zilizopita inaweza kupendezeshwa kwa namba yoyote, kwa hiyo uzuri wake si kipimo. Pima mambo matatu, kwa utaratibu huu.

Kwanza pima kelele za soko. Fungua chati ya kawaida ya dakika moja au 5 ya siku za karibuni zilizokuwa za kawaida, katika saa zilezile unazofanyia biashara, na utafute mienendo iliyoendelea upande mmoja. Ndani ya kila mwendo, pima bei ilirudi nyuma umbali gani kabla ya kuendelea. Andika vipimo hivyo. Tuseme sehemu kubwa ya marejeo hayo iko kati ya pointi 1.00 na pointi 1.75. Masafa ya pointi 1.00 yatachora karibu kila rejeo kama mgeuko, na utatolewa sokoni mara kwa mara bila sababu. Masafa ya pointi 2.00 yatayameza mengi ya marejeo hayo ndani ya utambi. Masafa ya pointi 6.00 yatakupa chati tulivu sana, lakini mgeuko wa kweli ukitokea utauona baada ya kupoteza pointi 6 kutoka kileleni.

Saa unazofanyia biashara zina uzito mkubwa katika kipimo hiki. Soko la hisa la New York hufunguliwa saa 3:30 asubuhi ya huko, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa 10:30 jioni katika miezi ambayo Marekani imesogeza saa mbele, na saa 11:30 jioni katika miezi mingine. Anayetazama E-mini akiwa Nairobi au Dar es Salaam saa 4 asubuhi anatazama soko lililosinzia, ambalo mshumaa mmoja wa tiki 8 unaweza kukaa wazi muda mrefu, na jioni ileile mishumaa ya aina hiyo hiyo itafurika mfululizo. Vipimo vya asubuhi visitumike jioni.

Pili, pima gharama. Tuchukue yuro dhidi ya dola, na tofauti ya pipsi 1 (yaani dola 0.0001 katika bei ya yuro moja) kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Ukichagua masafa ya pipsi 5, gharama ya kuingia imekula asilimia 20 ya mshumaa mzima. Ukichagua pipsi 10, ni asilimia 10. Ukichagua pipsi 20, ni asilimia 5. Kwa maoni yangu, gharama inayozidi sehemu moja ya kumi ya mshumaa inakuweka katika vita ambavyo dalali peke yake ndiye mwenye uhakika wa kupata kitu. Kumbuka pia kwamba chati nyingi za sarafu huchorwa kwa bei ya kuuzia, hivyo mnunuzi huingia juu zaidi ya bei anayoiona mshumaa umefungia.

Tatu, pima hasara unayoweza kuibeba. Kwa kawaida, anayenunua baada ya mshumaa wa kupanda kufungwa huweka oda ya kukata hasara tiki moja chini ya ncha ya chini ya mshumaa huo. Kwa masafa ya tiki 8, umbali huo ni tiki 9, yaani pointi 2.25. Kwa mkataba wa E-mini hiyo ni dola 112.50, na kwa Micro E-mini ni dola 11.25. Mwenye akaunti ya dola 5,000 aliyejiwekea kutopoteza zaidi ya asilimia 1 kwa biashara moja ana dola 50 za kuhatarisha, kwa hiyo hawezi kugusa hata mkataba mmoja wa E-mini. Kwa Micro, dola 50 gawanya kwa 11.25 inatoa mikataba 4 na chenji, lakini ukiongeza tiki moja ya kuteleza kwa bei (oda kutekelezwa kwenye bei mbaya kuliko uliyoipanga) kila mkataba unafika dola 12.50, minne inamaliza dola 50 zote, na kamisheni bado haijalipwa. Idadi sahihi ni 3.

Ukubwa wa masafa, kwa hiyo, huamua kiasi unachohatarisha kabla hujabonyeza chochote. Ikiwa kelele za soko zinadai masafa makubwa kuliko akaunti yako inavyoweza kubeba, badilisha bidhaa au punguza idadi ya mikataba, na usipunguze masafa ili hesabu ikubali.

Ukishapata namba, iache ifanye kazi kwa wiki kadhaa, na upime upya tabia ya soko inapobadilika kweli. Machi 2020 ni mfano wa wazi. Biashara ya hisa Marekani ilisimamishwa kwa muda tarehe 9, 12, 16 na 18 baada ya fahirisi ya S&P 500 kushuka asilimia 7. Ijumaa ya tarehe 6 fahirisi ilikuwa imefungia karibu 2,972, na asilimia 7 ya hapo ni takribani pointi 208. Umbali huo, kwa mishumaa ya pointi 2.00, ni mishumaa zaidi ya 90 hata kama bei ingeshuka bila kugeuka mara moja. Hakuna binadamu anayeweza kufanya maamuzi ya maana kwenye chati inayokimbia hivyo.

Hatua ya 5: Hesabu bei mbili za kufunga

Faida kubwa ya chati hizi, ambayo chati ya muda haiwezi kukupa, ni kwamba wakati wowote unajua bei mbili ambazo mshumaa wa sasa unaweza kufungia. Chukua ncha ya chini ya mpaka sasa na uongeze masafa: hiyo ni bei ya kufunga kwa kupanda. Chukua ncha ya juu ya mpaka sasa na uondoe masafa: hiyo ni bei ya kufunga kwa kushuka. Ikiwa mshumaa wa pointi 2.00 umeshagusa 4,998.50 chini na 4,999.75 juu, utafungwa ama kwenye 5,000.50 ama kwenye 4,997.75. Kadiri ncha zinavyosogea, bei hizo mbili nazo husogea kuelekeana, na kwa hiyo hesabu hii hurudiwa kila ncha mpya inapowekwa. Programu kadhaa huonyesha bei hizi mbili zenyewe. Kama yako haionyeshi, zihesabu kwa kichwa mpaka mkono uzoee.

Kwa kujua bei hizo, unaweza kuandaa oda kabla mshumaa haujafungwa, pamoja na oda ya kukata hasara na idadi ya mikataba, badala ya kukimbizana na bei baadaye.

Hatua ya 6: Rekebisha matumizi ya viashiria

Wastani unaosogea (wastani wa bei za mishumaa ya karibuni, unaohesabiwa upya kila mshumaa mpya unapokuja) wa mishumaa 20 katika chati ya dakika 5 unakupa picha ya dakika 100. Katika chati ya masafa unakupa picha ya mishumaa 20 ya mwendo, ambayo inaweza kuwa imechukua dakika 4 au usiku kucha, hivyo usiihamishe mipangilio ya zamani bila kuipima upya. Kiashiria cha wastani wa masafa halisi, yaani wastani wa umbali ambao bei hutembea katika kila mshumaa, ambacho wengi hukitumia kupanga umbali wa kukata hasara, hakina kazi hapa, kwa kuwa kila mshumaa una urefu uleule na kiashiria kitabaki karibu mstari mnyoofu. Kipimo hicho kitoe kwenye chati ya siku au ya dakika.

Wingi wa miamala, kwa upande mwingine, hupata maana mpya. Mishumaa yote imetembea umbali sawa, kwa hiyo mshumaa uliohitaji mikataba mingi kuliko majirani zake unaonyesha kwamba bei ilisukumwa dhidi ya upinzani. Ukiuona kileleni mwa mwendo mrefu, baada ya mishumaa kadhaa iliyotembea kwa urahisi, una haki ya kushuku kwamba wauzaji wakubwa wameanza kupokea kila kinachonunuliwa. Muda uliotumika kwa kila mshumaa nao ni habari. Mishumaa mitano ya kupanda iliyokamilika kwa sekunde 40 na mingine mitano iliyokamilika kwa saa 2 huonekana pacha kwenye chati, ilhali ni hali mbili tofauti kabisa za soko. Weka chati ya kawaida ya dakika pembeni ili usipoteze habari hiyo, na weka alama za saa za taarifa kubwa, kama vile takwimu za ajira za Marekani, kwani chati ya masafa haitakuonya kwamba zimebaki dakika 2.

Hatua ya 7: Jaribu kwa ukali

Majaribio ya mifumo kwenye chati za masafa hutoa matokeo mazuri kupita kiasi, na sababu karibu kila mara ni moja kati ya hizi: programu imeruhusu oda kutekelezwa kwenye bei ya ufunguzi wa mshumaa wa kubuni, au data ilikuwa ya dakika badala ya tiki, au kuteleza kwa bei hakukuhesabiwa. Kabla ya kuamini jaribio lolote, toa mishumaa ya kubuni, tumia data ya tiki, na toza angalau tiki moja ya kuteleza kila unapoingia na kila unapotoka, pamoja na kamisheni. Mfumo uliokuwa ukileta wastani wa tiki 3 za faida kwa kila biashara utabaki na tiki 1 kabla ya kamisheni, na inawezekana usibaki na kitu baada yake.

Kisha uendeshe mfumo huo kwenye akaunti ya majaribio kwa data inayoingia moja kwa moja. Mwisho wa kila kikao, hifadhi picha ya chati jinsi ilivyojijenga. Kesho yake ifungue upya chati hiyohiyo na ulinganishe mshumaa kwa mshumaa. Ikiwa ufunguzi na ufungaji havilingani, jaribio la siku zilizopita lilifanywa kwenye mishumaa ambayo hukuweza kuiona wakati wa biashara, na matokeo yake yatupwe. Ikiwa vinalingana kikao baada ya kikao, anza na mkataba mmoja wa Micro.